Madigadi Iliyofuatwa na Nyuki

Siku ile mpumbavu alikuwa Maduhu, wala tusimtafutie mwenzake wa kumsaidia kuubeba upumbavu huo. Alikuwa na nyundo kwenye mkoba na hakuitoa. Alikuwa na macho mawili mazima na hakuyatumia. Alichotumia ni mdomo, na mdomo ndio uliomponza.

Alikuwa ametoka Shinyanga mpaka Geita kwa lori la pamba, amekaa juu ya magunia siku nzima, kutafuta madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, ya kushoto ya gari la Bwana Jivraj. Gari lenyewe mji mzima ulilijua. Lilikuwa la viti viwili, la mbio, magurudumu yake ya nyaya kama ya baiskeli, pua ndefu kama ya mtu anayenusa chungu cha jirani. Mzungu mmoja wa machimbo alikuja nalo mwaka 1934, akawa analikimbiza barabara ya Geita mpaka kuku wakajifunza saa zake. Vita ilipokuja akaondoka asirudi, na gari likabaki porini upande wa Rwamgasa miaka kumi na mitatu, kila apitaye akijichukulia kipande. Jivraj, mwenye jineri ya kuchambulia pamba, alilinunua mifupa, akalivuta kwa lori hadi Shinyanga, akasema mwanawe ataoa akiwa ndani yake.

Na alisema jambo la pili, ambalo ndilo lililomkosesha Maduhu usingizi. Fundi atakayelimaliza gari hili likafungika lote, kuanzia mlango mpaka boneti, atapewa lile banda la mawe lililo ubavuni mwa jineri afanyie humo kazi yake maisha yake yote. Banda lilikuwa na sakafu ya saruji na kufuli ya shaba, na ufunguo wake wa shaba ulikuwa mrefu kama kidole cha kati. Maduhu alikuwa akinyoosha mabati chini ya turubai, nyuma ya duka la mshona viatu. Masika mbili mfululizo alikuwa amefanya kazi ndani ya maji ya kisigino, akiwaambia wateja kwamba anafuga kambale.

Basi huko Geita akamkuta Valerian, muuza vyuma chakavu, ambaye waliwahi kufanya kazi pamoja zamani. Valerian alikuwa na madigadi ya kushoto, imelazwa kivulini juu ya gunia, inang'aa rangi nyeusi mpya. Maduhu akaanza utani. Akamtania Valerian kwa koti lake lililobaki kola na mifuko. Akamtania kwa ndevu zake tatu, akauliza ile ya katikati inaitwaje. Valerian alicheka kila kitu. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na katika kicheko hichohicho madigadi ikafungwa kamba, ikapandishwa lori la usiku, na Maduhu akapanda kando yake akijiona mtu aliyeshinda.

Fundi bati akipewa bati, kitu cha kwanza ni kuligonga. Bati zima hulia, lililozibwa hunyamaza. Hili Maduhu aliwafundisha watu watatu kwa kuwapiga makofi. Siku ile hakugonga.

Akaifunga madigadi kwenye gari. Jumamosi, saa saba mchana, Bwana Jivraj akaja kukagua pamoja na ndugu zake, na kwa kuwa jineri ilikuwa imesimama kwa chakula, vibarua nao wakaja. Gari likasukumwa nje, juani. Maduhu alikuwa akieleza namna alivyoulainisha mlango, mara akaona watu hawamtazami yeye. Madigadi ilikuwa inatoa jasho. Kwanza tone moja, kisha mstari. Halafu akaja nyuki mmoja, akazunguka, akatua. Wakaja wanne. Wakaja wengi. Bwana Jivraj akanyoosha kidole kugusa rangi, na kidole kikazama mpaka pingili ya kwanza. Kipande chenye ukubwa wa sahani kikateleza taratibu kikaanguka chini, na nyuma yake kukawa na tundu lenye kutu ambalo mtoto angeweza kupitisha kichwa.

Ilikuwa nta. Nta ya Runzewe, ile ya mizinga ya msituni, imekorogwa na majivu, ikapakwa na kupigwa rangi.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Bernadina muuza maandazi, kwa sauti ya mtu anayetaka kununua kweli, "Fundi, hiyo ni asali ya nyuki wakubwa au wale wadogo?"

Tangu hapo hakuitwa tena Maduhu. Aliitwa Mrina Asali. Watu walimpitia chini ya turubai na vikombe mkononi. Mtu aliyetania mji mzima kwa miaka saba akajifunza kwamba mji mzima ulikuwa umemwekea akiba ya utani.

Siku ya nne Valerian akashuka Shinyanga, na kwenye lori lake kulikuwa na madigadi ya kushoto ya kweli, ya chuma, nzima, ile ya garini hasa. Alikuwa nayo siku zote. Alikuwa amesikia habari za banda mapema kuliko Maduhu alivyodhani. Shingoni amening'iniza sumaku kwa kamba ya ngozi, na mbele ya Jivraj akaibandika kwenye madigadi ile, ikashika tap. "Bwana," akasema, "mimi chuma changu hukipima kwanza. Sifugi nyuki." Jivraj akampa kazi. Akampa na ufunguo wa banda aushike kwa muda, mpaka gari lifungike.

Maduhu alimwendea. Hakwenda kupigana, alikwenda asikie mtu huyu atasema nini.

"Valerian, kwa nini?"

"Kwa nini nini, kaka?"

"Uliniuzia nta."

"Nilikuuzia madigadi. Wewe ni fundi, ulikuja na nyundo." Valerian akacheza na sumaku yake kifuani. "Nilikuziba macho mimi? Ulikuwa unahesabu ndevu zangu."

Lingekuwa tusi, lingepita. Lakini lilikuwa kweli, na kweli ile ikakaa kooni mwa Maduhu kama mwiba wa samaki. Kuanzia siku hiyo alikuwa na kitu cha kulea. Alikilea kisasi chake kama ndama aliyefiwa na mama, anakinywesha asubuhi na jioni, anakipapasa kuona kama kinanenepa. Usoni alicheka. Mtu akimwita Mrina, anaitika. Ndani alikuwa anatafuta boneti.

Maana gari lile halikuwa na boneti. Tangu liletwe halikuwa nayo, na Valerian sasa alikuwa akiigonga nyingine kutoka kwenye pipa la petroli. Ilikuwa nzito, ina mawimbi kama barabara ya Tinde, na kila akiifunga inabaki wazi upana wa kidole. Jivraj alikuja, akaingiza kidole katika uwazi ule, akaenda zake.

Na kulikuwa na jambo ambalo Maduhu alilijua peke yake. Alipolikwangua gari lile rangi ya zamani, siku za mwanzo, aligundua kwamba madigadi zake ni chuma, lakini milango, mgongo na mashavu yake ni alumini tupu, bati jepesi jeupe. Alilijua bati hilo tangu vita, Nairobi, kwenye karakana ya jeshi alikonyoosha mabawa ya ndege. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Kisha akalipiga gari lote rangi ya kwanza ya kijivu, na Valerian alilikuta hivyo, limevaa. Mtu aliyelelewa na malori hajui kama kuna gari lisilo la chuma.

Alizunguka vijiji akiziba ndoo na kuuliza. Alijibiwa utani wa asali. Mwezi wa pili akafika Didia, kwa mama mmoja mjane aitwaye Mama Justa, aliyekuwa na debe linalovuja.

"Shikamoo, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa nyuki?"

"Ndiye mimi. Habari zimenitangulia, zina miguu mizuri."

"Ziba debe langu, lakini usizibe kwa nta."

Akaketi kuziba debe. Mbele yake ndama watatu walikuwa wakilamba chumvi katika hori. Hori lile lilikuwa refu, limepinda kama nusu ya mtumbwi, na ubavuni mwake kulikuwa na nyufa zilizopangwa sambamba, kama mbavu, zimezibwa na kinyesi cha ng'ombe. Maduhu akaweka chini debe. Akatoa nyundo mkobani, akamsogeza ndama mmoja kwa goti, akagonga.

Likalia. Sauti nyembamba, ndefu, safi.

"Unagonga hori langu la nini?" Mama Justa akauliza.

"Mayu, hili ulilipata wapi?"

Mumewe alikuwa mchimbaji Geita. Mzungu alipoondoka kwenda vitani, wafanyakazi waligawana vilivyobaki, na yeye sehemu yake ilikuwa hilo. Alilibeba kichwani kutoka Geita mpaka Didia kwa miguu, siku tano, wakati wa mvua, akafika mkavu. "Aliniambia, hili ni bati lisiloshika kutu. Nikadhani ni maneno ya mtu aliyerudi bila kitu kingine. Lakini sasa yeye amekufa, na bati halijashika kutu."

Maduhu akaomba ruhusa kulipindua. Akasugua kwa maji na majani upande wa ndani, karibu na bawaba. Zikatokea tarakimu mbili zilizopigwa kwa muhuri wa chuma: 47. Tarakimu hizohizo alishaziona kwenye ubao wa chuma ulio nyuma ya injini ya gari la Jivraj. Walioliunda gari hilo ng'ambo walikuwa wameweka namba moja kwenye vipande vyake vyote, visije vikapotezana.

Walikubaliana hivi: Maduhu amtengenezee hori jipya la pipa, kubwa kuliko hilo, na siku gari litakapokamilika Mama Justa aje alione. Maduhu akakaa Didia siku tisa. Chumvi ilikuwa imelila bati vidoa vidoa, na ndama mmoja alikuwa amelikanyaga likabonyea. Alumini ukiigonga ikiwa ngumu hupasuka, na ukiipasha moto haikuonyeshi dalili. Inakaa nyeupe, kisha ghafla inayeyuka yote. Ndiyo maana alilipaka sabuni ya mche, mahali palipobonyea, akalipasha kwa moto wa mkaa polepole, macho hayatoki kwenye sabuni. Sabuni ilipogeuka nyeusi, akaondoa moto. Sasa bati lilikuwa laini kama ngozi ya mbuzi. Akalilaza juu ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe aliojaza mchanga, akalibembeleza kwa nyundo ya mti, pigo dogo dogo, mpaka kiganja kikipita hakikwami. Mwisho akalipiga rangi ya kijivu.

Mama Justa alikuwa amekaa juu ya kinu akitazama. "Sasa mpelekee Mhindi wako, upate banda lako."

"Hapana. Utalipeleka wewe. Kwa Valerian."

"Kwa yule aliyekuuzia nta?"

"Huyo. Siku ya Jumamosi, saa saba mchana, Jivraj akiwepo na watu wakiwepo. Mwambie umesikia wanatafuta boneti, nawe unayo moja."

"Na yeye ataipokea, atashukuru, ataifunga, banda litakuwa lake."

"Hataipokea. Ataipima kwa sumaku."

"Na akiipokea?"

"Hataipokea, mayu."

"Nakuuliza, mwanangu. Na akiipokea?"

Maduhu alikung'uta mchanga mikononi. "Basi nitarudi Didia nifuge nyuki kweli."

Mama Justa akatikisa kichwa. "Banda liko mlangoni pako, wewe unalipitisha kwa adui yako kwanza likamsalimu. Mume wangu hakuwa na akili za namna hiyo. Ndiyo maana alifika na bati."

"Yeye alitaka kufika mkavu tu," Maduhu akasema. "Mimi nataka mtu mwingine alowe."

Jumamosi ile jua lilikuwa lilelile. Harusi ilikuwa imebakiza siku sita. Gari lilikuwa nje ya banda, boneti ya pipa imefungwa juu yake kwa waya, na Jivraj amesimama mbele yake na uso wa mtu aliyeletewa mchuzi usio na chumvi. Vibarua wa jineri walikuwa kivulini. Bernadina alikuwepo na beseni lake. Maduhu alisimama nyuma ya marobota ya pamba. Alikuwa ameweka kila kitu chake mikononi mwa mtu anayemchukia kuliko wote, akitegemea mtu huyo atakuwa vilevile alivyo.

Mama Justa akaja na boneti kichwani, kama mumewe. Akaitua.

"Nasikia mnatafuta hii."

Jivraj akasogea haraka. Valerian akamtangulia. Akaiinua upande mmoja, akashangaa wepesi wake, na Maduhu akaona mshangao ule ukigeuka kuwa tabasamu. Valerian akavua sumaku shingoni, akaibandika. Sumaku ikateleza, ikaanguka mchangani. Akaibandika tena, katikati. Ikaanguka tena.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuwafikia watu wote, "umeuziwa sufuria. Hiki kachemshie viazi."

Watu wakacheka. Jivraj akauliza, "Una hakika? Umbo lake linafanana sana."

"Bwana, nta nayo ilikuwa na umbo. Sumaku imekataa mara mbili. Hili si bati la gari."

"Basi halifai kabisa?"

"Anayefunga kitu cha namna hii kwenye gari la mtu ni mwizi, na asishike nyundo tena katika mji huu."

Maduhu akatoka nyuma ya marobota. Mtu mmoja akavuma kama nyuki, wengine wakadakia. Akapita katikati yao.

"Valerian, rudia hilo. Bernadina hakusikia vizuri."

"Kumbe ni wewe." Valerian akacheka kwa raha. "Nilipaswa kujua. Narudia: mwizi, na asishike nyundo."

"Vizuri. Niazime sumaku yako."

Akaiokota mwenyewe mchangani. Akaenda kwenye mlango wa gari la Jivraj, akaibandika. Ikateleza ikaanguka. Akaenda kwenye mlango wa pili. Ikaanguka. Akaiweka kwenye shavu la gari, kwenye mgongo, nyuma ya kiti cha dereva. Kila mara ikaanguka, na kila mara aliinama akaiokota bila haraka, kama mtu anayeokota karanga. Kuvuma kukafifia. Akatoa kisu, akakwangua rangi chini kabisa ya mlango, mahali pasipoonekana, upana wa kucha. Bati jeupe likamrushia jua machoni Bwana Jivraj.

"Bwana," Maduhu akasema, "fundi wako anasema gari lako lote ni sufuria. Aliyeliunda ni mwizi. Na mwanao atakwenda kuoa ndani ya viazi."

Kisha akakata waya, boneti ya pipa ikaanguka kwa kishindo. Akamwomba Jivraj asome namba iliyo nyuma ya injini. Jivraj akainama, akasoma arobaini na saba. Maduhu akaipindua boneti ya Mama Justa, akamwomba asome tena. Jivraj akasoma, kisha akasoma tena kwa kidole.

Maduhu na Mama Justa wakaiinua pamoja, huyu kichwani, huyu miguuni. Ikakaa. Maduhu akaibonyeza kwa kiganja kimoja ikasema *tak*, na mstari kati yake na shavu ukawa mwembamba, sawa mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo kidole cha Jivraj hakikupata pa kuingia, ingawa kilijaribu.

"Nilisema litakapofungika," Jivraj akasema. "Limefungika. Valerian, ufunguo."

Valerian akautoa mfukoni, akauweka juu ya boneti, lakini mdomo wake haukuwa umekubali. Akamgeukia Jivraj, akawageukia vibarua, akamgeukia hata Bernadina, ambaye alikuwa akimtazama kwa namna aliyowahi kumtazama Maduhu.

"Huyu kanitega, bwana. Alijua kila kitu akanyamaza. Nyie wenyewe mliona, mimi sikusema neno la kichwani mwangu. Sumaku ndiyo iliyokataa. Sumaku haina chuki na mtu, haina mjomba, haina rafiki. Ilichokataa kimekataliwa. Fundi gani angefanya vingine?"

Vibarua wakatazamana, maana palikuwa na haki kidogo ndani yake, na watu wa jineri ni watu wanaopenda kusikia upande wa pili. Valerian akaliona hilo, akaanza kuvuta pumzi aendelee.

Maduhu akauchukua ufunguo wa shaba, akaubandika kwenye sumaku, akauachia. Ufunguo ukaanguka mchangani kati ya miguu yao. Akainama, akauokota, akaufuta kwenye suruali, na sumaku akamrudishia mwenyewe.

"Na huu nao sumaku yako imeukataa," akasema. "Kwa hiyo si wako."